Mzinga Nje ya Mstari

Mtaani walimwita Bwana Mstari, naye hakuona ubaya wowote katika jina hilo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpima ardhi, na alipostaafu alihamishia vigingi, kamba na futikamba yake nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja ambacho mtu mwingine angekitumia kuanikia nguo. Humo alipanda miparachichi mitano ya kisasa ya kubebesha, miti mitatu ya makadamia, mpera na mlimau, na kila mti ulisimama pale ulipoamriwa kusimama. Ukikaa kwenye mlango wa jiko na kufumba jicho moja, uliuona mparachichi mmoja tu. Wenzake wanne walikuwa wamejificha nyuma yake kama askari gwarideni. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kufumbishwa jicho. Hata fundi bomba aliyeitwa kwa haraka, maji yakiwa yamefika sebuleni, alifumbishwa jicho kwanza ndipo akaonyeshwa bomba.

Kitu kimoja tu katika kiwanja kile hakikutii kamba, nacho kilikuwa mzinga wa nyuki wa mjukuu wake.

Mjukuu huyo, binti wa mwanawe wa kwanza, aliitwa Chiriku tangu akiwa na meno ya maziwa, kwa kuwa siku alipoanza kusema hakuonyeshwa mahali pa kuweka nukta. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi wa majokofu, mwenye karakana yake ndogo upande wa pili wa mji. Babu yake alimtambulisha kwa watu kama “mhandisi wa baridi”. Chiriku alimkataza mara nyingi, naye kila mara alikubali kukatazwa, kisha akaendelea.

Mzinga wenyewe Chiriku aliuunda kwa mbao za makasha ya majokofu. Ubavuni maandishi meusi ya kiwandani yalikuwa bado yanasomeka, USIPINDUE, na mshale wake uliokusudiwa kuelekea juu ulielekea kwenye choo cha nje. Aliuweka kando ya mpera, mahali jua la asubuhi linapogusa mapema, akauinamisha kidogo kwa mbele ili maji ya mvua yasituame ndani. Kwa hiyo mzinga ulikuwa nje ya mstari, na juu ya hayo ulikuwa umelala upande. Kila Babu alipoupita alitoa mguno mfupi, kama mtu anayepanda ngazi.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, na hakukana alichokiona kwa macho yake. Tangu nyuki wale waje, miparachichi ilizaa hadi ikabidi matawi yategemezwe kwa miti, na makadamia yakaning'inia kwa vichala. Bibi alikuwa amefunga jiriwa ya fundi seremala kwenye ukingo wa meza ya jikoni, maana ganda la makadamia halijui maneno matamu, na jioni nyingi ulisikia kokwa zikipasuka huko jikoni, ta, ta, ta, huku yeye akiimba kwa sauti ya puani.

Tena zilikuwapo Jumamosi. Chiriku alikuja kila Jumamosi kukagua mzinga. Akishavua vazi lake la nyuki alikula, akalitengeneza friji la bibi yake lisilokuwa bovu, akabishana na babu yake juu ya lolote lililokuwapo mezani. Siku hiyo Babu aliamka, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, kisha akaenda getini kuangalia bawaba. Bawaba ya geti lile haikuwa na kasoro yoyote, lakini ilikaguliwa kuliko bawaba za benki.

Ilikuwa Jumamosi mojawapo, wakiwa mezani, Chiriku aliposema, akiwa na tonge mdomoni, “Mrina amenipa nafasi kwake.”

Mrina alikuwa mzee aliyemfundisha Chiriku ufugaji wa nyuki, mrina asali wa miaka mingi, mwenye shamba kubwa mbali na mji.

“Nafasi ya nini?” Babu akauliza.

“Ya mzinga. Anasema niupeleke kwake, maua ni mengi, na nikitaka naweza kuongeza mingine mitano, kumi. Hapa nyuki wamebanwa, Babu. Halafu kila ukipita unawagunia.”

“Mimi siguni.”

“Unaguna,” akasema Bibi. “Mimi nikiwa jikoni nakusikia, na maji yanachemka.”

“Na wewe umemjibu nini huyo Mrina?”

“Nimesema nitafikiri.”

Babu akanywa maji yake yote, akaiweka bilauri katikati kabisa ya duara iliyoachwa mezani na unyevu wake.

Wiki ile fikra hazikumpa nafasi. Hesabu ilikuwa nyepesi kuliko zote alizowahi kufanya: mzinga ukiondoka, Jumamosi nazo zinaondoka. Mtoto angekuja sikukuu kwa sikukuu, na pakiti ya biskuti mkononi, akae kwenye kiti cha wageni na kuuliza habari za afya. Kumwambia “usiende” hakukumjia. Alikuwa amewalea watoto na wajukuu kwa kuamuru, na pasipokuwa na amri hakujua mlango wa kuingilia. Akaona dawa ni moja: kuujengea mzinga makazi ya heshima, yenye msingi, ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyahama.

Akanunua saruji. Akachimba, akamwaga jukwaa la zege lenye miguu minne mifupi, akalisawazisha kwa pima maji hata tone la maji likiwekwa juu lingebaki limeduwaa. Kuzunguka miguu akaweka vikombe vya grisi kuzuia sisimizi, na juu akasimamisha kibanda cha bati kilichopakwa rangi ya kijani. Na jukwaa hilo, ni lazima isemwe, lilikuwa kwenye mstari wa miparachichi, si nukta kushoto, si nukta kulia.

Bibi akaja na kikombe chake cha chai, akalizunguka.

“Unamzika paka wa nani?”

“Hili ni jukwaa la mzinga.”

“Chiriku anajua?”

“Atajua akija. Ni zawadi. Zawadi haiombewi kibali.”

Bibi, ambaye alikuwa mkunga kabla ya kustaafu na aliwajua wanaume kwa namna wanavyongoja nje ya mlango, akamtazama kwa muda, akamalizia chai yake.

Alhamisi jioni, nyuki wote walipokwisha kuingia, wakavaa makoti mazito na vyandarua juu ya kofia, wakaziba mlango wa mzinga kwa kitambaa, kila mmoja akashika upande.

“Miaka yote nimebeba watoto wa watu,” Bibi akasema kwa pumzi fupi, “leo nimebebeshwa wadudu.”

“Usiinamishe.”

“Nainamisha mgongo tu, Bwana Mstari. Mgongo nao una kamba yako?”

Zilikuwa hatua chache tu. Wakautua juu ya jukwaa. Babu akaenda hadi mlango wa jiko, akafumba jicho, na miparachichi mitano pamoja na mzinga vikawa kitu kimoja. Usiku ule alilala kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Asubuhi ya Ijumaa akakitoa kile kitambaa. Nyuki wakatoka kwa wingi, wakapanda juu ya paa, wakaenda zao kwenye maua. Naye akaleta kiti, akaketi na chai yake, akangoja kuwaona wakirudi kwenye makazi mapya.

Wakarudi, lakini hawakurudi alipokuwa ameketi. Mvumo ulitoka kando ya mpera, mahali pa zamani. Babu alipogeuka akawaona wakizunguka hewani, kwa urefu uleule uliokuwa wa mlango, mlango ambao sasa haukuwapo. Miguu yao ilikuwa mizito kwa chavua ya njano. Kila mmoja alishuka kama anayejua anakokwenda, akafika mahali pa kutua, akakosa kitu, akapanda tena, akashuka tena. Baadhi walitua kwenye majani, baadhi kwenye shina la mpera, na baadhi ukingoni mwa ndoo, wakatembea huku na huko kama watu waliokuta nyumba yao imeng'olewa.

“Huku!” Babu akaita. “Nyinyi! Huku!”

Akavua kofia akawapungia kuelekea jukwaani. Akawapepea kwa tawi. Hatimaye akafanya jambo ambalo baadaye Bibi alilisimulia mara nyingi mno: akaleta kamba yake, akapiga kigingi pale mpera ulipo na kingine jukwaani, akaikaza kamba katikati, imenyooka kabisa, ili nyuki waifuate.

“Waandikie na kibao,” Bibi akasema kutoka mlangoni.

Nyuki mmoja akaifuata kamba, au alionekana kuifuata, akafika hadi nusu, akageuka, akamchoma Babu sikioni.

Kufikia adhuhuri mawingu yalianza kukusanyika. Kwenye shina la mpera palikuwa na fungu la nyuki lenye ukubwa wa papai, wameshikana, na chini kwenye nyasi wengine walikuwa hawaruki tena. Hapo Babu hakungoja kuambiwa. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kuficha. Akaingia ndani, akachukua simu.

“Hapa anazungumza babu yako.”

“Najua, Babu, jina lako linatokea. Kuna nini?”

“Nyuki wako wanarudi mahali pa zamani.”

“Pa zamani? Kwani kuna papya?”

Babu akapapasa sikio lililochomwa.

“Babu.”

“Naam.”

“Umeuhamisha mzinga?”

“Nimeunyoosha.”

Kimya kikatoka upande wa pili, na kwa mtu aliyemfahamu Chiriku kimya hicho kilitisha kuliko makelele. “Usiguse kitu chochote,” akasema mwishowe. “Nakuja.”

Alifika akiwa bado na ovaroli la kazini, bisibisi mfukoni. Alisema “shikamoo” bila kumtazama usoni, na Babu alisema “marahaba” kwa sauti aliyokuwa akiitumia misibani. Chiriku akachuchumaa chini ya mpera. Akaokota nyuki mmoja aliyepooza kwa baridi, akampulizia pumzi ya moto kiganjani hata mbawa zikatikisika, akamweka kwenye fungu pamoja na wenzake. Akaokota mwingine. Babu alisimama nyuma yake, mikono kando, asijue aiweke wapi.

“Nyuki halijui sanduku, Babu,” akasema bila kugeuka. “Anajua mahali. Mara ya kwanza akitoka, anageuka, anapatazama nyumbani, anapashika kichwani: mti uko hapa, choo kiko kule. Kisha hatazami tena. Ungeusogeza mzinga shibiri moja, wangefika wangeuona. Ungeupeleka mbali kabisa, wangegundua nchi ni ngeni, wangejifunza upya. Lakini hatua chache hizi? Hapo ndipo wanapopotea. Wanapaona nyumbani, na nyumba haipo.”

“Sikujua.”

“Si ungeniuliza?”

“Ningekuuliza.” Babu akajikohoza. Kisha akasimama wima, visigino pamoja, kama alivyosimama shuleni enzi zake alipoitwa mbele. “Nimekosea. Nisamehe, mjukuu wangu.”

Chiriku sasa akageuka. Katika umri wake wote hakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka katika kinywa kile, na hasira aliyokuja nayo kutoka karakana ikakosa pa kusimama. Lakini hakuiacha iondoke upesi.

“Miaka miwili umeguna tu, hukuugusa. Kwa nini wiki hii?”

“Nilidhani,” akasema Babu, na kila neno akalipima kabla ya kuliachia, “ukiona kwamba una kiwanja chako hapa, chenye msingi, chenye paa, huenda usione haja ya kuhamia kwa Mrina.”

“Mimi sihamii kwa Mrina. Ni nyuki.”

“Nyuki huja na mtu wao.”

Chiriku akamtazama. “Kwa hiyo uliyekuwa unamzuia si nyuki.”

“Nyuki,” akasema Babu, akitazama bati la kijani. “Na wengineo.”

Bibi, aliyekuwa amejisimamia mlangoni na bakuli la makadamia kana kwamba hasikii, akaangua kicheko hata kokwa mbili zikamponyoka. “Na wengineo! Jamani! Chiriku, sikia vizuri, hapo umetamkiwa mapenzi. Mimi kabla ya kuolewa niliambiwa ‘na kadhalika’, nikalala macho wiki nzima kwa furaha.”

Hata Chiriku akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, ukaacha alama ya grisi shavuni.

Jua lilipokaribia kuzama wakaubeba mzinga wote watatu, wakaurudisha kando ya mpera, kwa mwinamo wake uleule, na mshale wake ukielekea chooni. Mvua haikunyesha, ilitishia tu. Mwanzoni nyuki wa shinani hawakusogea. Kisha mmoja akaufikia mlango, akainua mkia, akapepea mbawa zake pale pale kuwaita wenzake, na wengine wakaanza kushuka, taratibu, kwa miguu, wakiingia mmoja baada ya mwingine kama wazee wanaoingia mkutanoni, kila mmoja akisimama kidogo kizingitini. Chiriku alilala pale nyumbani usiku huo.

Asubuhi Babu alimkuta mjukuu wake ameketi juu ya lile jukwaa tupu, anakunywa chai. Babu mwenyewe alikuwa ameshaamua, na alikuwa amevaa shati la pasi kwa ajili ya kulisema neno lake.

“Wapeleke kwa Mrina.”

“Nani?”

“Nyuki. Wana haki ya kukaa mahali pasipo na mtu wa kuwanyoosha. Nimelifikiri. Mimi nitakuja na wewe kuwapeleka, nimwombe radhi huyo mzee kwa hao waliokufa, maana yeye ndiye aliyekupa nyuki hao.”

“Na hili jukwaa?”

“Bibi yako ataliwekea chungu cha maua.”

“Sina chungu,” Bibi akasema kutoka ndani.

Chiriku akaligonga zege kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akakagua vikombe vya grisi kimoja kimoja, asirekebishe hata kimoja, na kwa fundi wa majokofu hiyo ni sifa kubwa. “Zege zuri,” akasema. “Sisimizi hapandi hapa. Paa nalo... paa ni la kijani mno, lakini zuri. Kuna njia, Babu. Nilikwambia jana: shibiri moja hawapotei. Unasogeza shibiri, unawaacha wazoee. Unasogeza shibiri nyingine. Unaweza kufika huku bila nyuki hata mmoja kukosa mlango.”

“Kila baada ya muda gani?”

“Wengine husogeza kila siku. Mimi nina kazi.” Akanywa chai. “Mimi itakuwa Jumamosi.”

Babu akanyoosha kola ya shati. Uadilifu haukumruhusu kuipokea hivyo tu. “Sharti niseme ukweli. Kama kila siku inafaa, basi mimi na bibi yako tunaweza kuusogeza wenyewe. Hakuna haja ya wewe kusumbuka kwa—”

“Mgongo wangu,” Bibi akasema.

“Mgongo wako una nini?”

“Unauma. Siwezi kubeba hata chungio.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipofungua mdomo.”

Chiriku alikuwa ametazama ndani ya kikombe chake kwa makini sana. “Basi ni Jumamosi,” akasema. “Nitampigia Mrina nimwambie asiniwekee nafasi. Tuanze leo, bado hawajatoka wengi.” Akavaa kofia yake ya wavu, akampa babu yake ya akiba, akawasha makuti makavu katika kopo la moshi na kufukiza mlangoni mara mbili tatu.

Babu alikwishakunjua futikamba.

“Shibiri ni sentimita ngapi?” akauliza.

“Shibiri ni shibiri, Babu.”

“Shibiri si kipimo. Kila mtu ana yake. Ni lazima tukubaliane kimoja.” Akapiga goti kando ya mzinga, akatandaza kiganja chake kikubwa juu ya udongo, kuanzia kidole gumba hadi kidole kidogo. Kisha akamwamuru mjukuu wake aweke chake kando. Kiganja cha Chiriku, chenye makovu madogo ya moto wa kulehemu, kilipungua pingili nzima. Babu akaviangalia viganja viwili vile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya kupima.

“Tutatumia cha kwako,” akasema, akaikunja futikamba na kuitia mfukoni. “Mzinga ni wako.”

“Kwa changu tutachelewa sana, Babu. Miparachichi itachanua tena sisi tuko njiani.”

“Sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba tuna haraka.”

Wakainama, kila mmoja upande wake. Ndani ya mbao nyuki walivuma kwa sauti ya chini, ya watu walioshiba. Wakainua kidogo tu, wakasogea kwa vidole vya miguu, wakatua. Chiriku akapima kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, akasimama kujinyoosha.

Babu hakusimama. Alikuwa ameinamia udongo, uso karibu na ardhi, akikagua alama kwa jicho la mtu aliyewahi kutenganisha mashamba ya ndugu wasiosemezana.

“Imezidi,” akasema. “Hebu turudishe kidogo.”